Mashapo Yasiyoonekana

Chupa ya seli shina hulazwa ubavu. Ni chupa bapa ya plastiki, nayo hukaa ndani ya inkubeta yenye joto la nyuzi 37 na hewa iliyoongezwa kaboni dioksidi hadi asilimia 5. Ndani yake mna kimiminika chekundu kilichopauka, na chini ya kimiminika hicho mna seli shina za mesenkima zilizotolewa katika uboho wa mtu aliyejitolea, zimeng'ang'ania plastiki. Kwa hadubini zinaonekana nyembamba na ndefu, zimelala ubavu kwa ubavu, zote zikifuata mkondo mmoja. Anayezitunza huzikagua asubuhi kabla ya kugusa kitu kingine. Hutazama rangi kwanza, kwa kuwa ikielekea manjano asidi imeongezeka na lishe imechakaa; kisha hutazama umbo la seli; kisha nafasi iliyobaki kati yake.

Kuzipata kwenyewe ni kazi ya subira. Katika uboho seli za aina hii ni chache mno, moja kwa maelfu mengi ya nyingine. Alexander Friedenstein wa Moscow, aliyezichunguza katika miaka ya 1960 na 1970, alituachia njia ya kuzitenga ambayo haijaachwa mpaka leo: mimina uboho kwenye chombo, subiri, halafu mwaga kila kisichoshika. Seli za damu huelea na kuondoka na maji. Hizi hubaki. Lishe hubadilishwa kila baada ya siku mbili tatu, na seli zikikaribia kuijaza chupa hubanduliwa kwa kimeng'enya cha tripsini, zikagawanywa katika chupa mpya na kuanza upya. Mgawo huo una kikomo. Zikigawanywa mara nyingi mno seli huchoka: hutanuka, huacha kuzaana, na vitu zinavyotoa hubadilika. Kwa hiyo fundi hutumia vizazi vya mwanzo tu, na kila chupa huandikwa kwa kalamu isiyofutika jina la siri la mtoaji, namba ya kizazi na tarehe. Kabla ya kuziamini huzipima pia: je, zinashika plastiki, je, zina alama za CD73, CD90 na CD105 juu ya utando wake huku zikikosa alama za seli za damu, je, zikishawishiwa huweza kugeuka mfupa, mafuta na gegedu? Masharti hayo yalipendekezwa na jumuiya ya kimataifa ya tiba kwa seli mwaka 2006, na maabara makini hayayaruki hata yanapokera.

Cha ajabu ni kwamba baada ya malezi yote hayo, kinachotafutwa si seli. Ni maji yaliyolala juu yake.

Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba seli shina zikidungwa mwilini huponya kwa kugeuka tishu mpya. Lakini zilipofuatiliwa, nyingi zilionekana kukwama kwenye mapafu na kutoweka baada ya siku chache, ilhali moyo au ubongo ulioumia ulikuwa umepata nafuu. Kundi la Sai Kiang Lim wa Singapore lilifuata kitendawili hicho kwa utaratibu wa kupendeza: likaziacha seli, likachukua kimiminika chake, likakigawa kwa ukubwa wa vilivyomo, kisha likapima ni fungu lipi linaloukinga moyo. Mwaka 2010 likatangaza kwamba katika panya waliopata shambulio la moyo, fungu linalofanya kazi ni lile lenye eksosomu.

Eksosomu ni kifuko chenye utando wa mafuta, kipenyo chake kati ya nanomita 30 na 150. Milimita moja ingeweza kubeba mstari wa eksosomu 10,000 zenye kipenyo cha nanomita 100. Huundwa ndani ya seli, katika vyumba vidogo ambavyo hatimaye husogea hadi ukingoni na kumwaga vifuko nje. Rose Johnstone wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, aliviona mwaka 1983 alipokuwa akichunguza chembe nyekundu changa za damu ya kondoo, zinavyoondoa protini zisizozihitaji tena zinapokomaa. Mwaka huohuo kundi la Philip Stahl huko St. Louis liliona jambo hilohilo katika panya. Wengi waliviona ni takataka za seli, na kwa miaka kadhaa ni wachache waliojishughulisha navyo. Mwaka 2007 Hadi Valadi, Jan Lötvall na wenzao wa Gothenburg, Sweden, walionyesha kwamba ndani ya vifuko hivyo mna RNA, zikiwemo maikroRNA, na kwamba RNA hiyo huweza kuhamia seli nyingine na kufanya kazi humo. Jalala likawa posta.

Basi turudi kwenye chupa, kwa kuwa hapa ndipo kosa la kwanza hujificha. Lishe ya seli kwa kawaida huwa na seramu ya ndama aliye bado tumboni mwa ng'ombe, na seramu hiyo imejaa eksosomu za ng'ombe. Asiyejali atavuna shehena ya ndama akaiandika kuwa ya binadamu. Anayejali ana njia mbili. Ya kwanza ni kuizungusha seramu usiku kucha kwa nguvu mara 100,000 ya mvutano wa dunia kabla ya kuitumia, ili vifuko vya ng'ombe vishuke. Ya pili ni kuziosha seli mara kadhaa na kuziacha kwenye lishe isiyo na seramu kabisa, saa 24 hadi 48. Hii ya pili ni safi zaidi, ila seli zinahisi njaa, na seli yenye njaa haitoi kile inachotoa ikiwa imeshiba. Fundi huchagua, huandika alichochagua, na huhesabu seli zilizokufa mwishoni. Zikizidi, mavuno yote humwagwa, maana seli inayokufa hupasuka vipande vipande na vipande hivyo hujifanya eksosomu.

Kisha huja mizunguko. Utaratibu uliozoeleka uliandikwa na Clotilde Théry na wenzake wa Paris mwaka 2006, na uzuri wake uko katika ngazi zake. Kimiminika huingizwa kwenye sentrifuji ya kawaida, nguvu mara 300 ya mvutano wa dunia, dakika 10: seli zilizobanduka hushuka. Maji ya juu huhamishiwa tyubu mpya. Mara 2,000, dakika 10 tena: seli zilizokufa hushuka. Maji ya juu huhamishwa. Mara 10,000, nusu saa: vifusi na vifuko vikubwa hushuka. Kila mara pipeti huingizwa taratibu kwa pembeni, ncha ikifuata uso wa maji unavyoshuka, na kila mara fundi husita sentimita moja juu ya mashapo na kuyaacha maji ya mwisho. Anayetamani tone la mwisho huchota na uchafu.

Mpaka hapo kazi inafanana na kukamua nazi: tui hutunzwa, machicha hutupwa. Mzunguko wa nne hupindua desturi. Sasa kinachotunzwa ni mashapo, na maji ndiyo hutupwa, na mkono uliozoea kutupa chini na kutunza juu unapaswa kukumbuka kwamba mambo yamegeuka.

Ultrasentrifuji haina haraka ya kuwashwa. Tyubu hupangwa mbilimbili, zikitazamana, na kila jozi hupimwa kwenye mizani. Mtu akiuliza kwa nini mtaalamu anahangaika na tofauti ya sehemu ya kumi ya gramu, hesabu ni fupi: kwa nguvu mara 100,000, gramu 0.1 huvuta upande mmoja kwa uzito wa kilo 10. Kwa hiyo huongeza tone, hupima, hupunguza nusu tone, hupima. Rota ya titani au alumini hukaguliwa isiwe na mkwaruzo wala kutu, hushushwa kwenye mhimili kwa mikono miwili, kifuniko hufungwa, pampu huvuta hewa yote chumbani humo ili rota isisuguane na hewa ikapata joto. Joto la chumba ni nyuzi 4. Kisha rota huanza kuzunguka, ikipanda hadi karibu mizunguko 30,000 kwa dakika, na mtaalamu hubaki amesimama pale mpaka mashine ifikie kasi yake na kutulia. Hapo tu ndipo huondoka. Dakika 70.

Kabla ya yote hayo alifanya jambo moja dogo ambalo mgeni hulipita bila kuliona. Juu ya kila tyubu, upande utakaotazama nje ya rota, alichora alama kwa kalamu. Sababu hujulikana mashine inaposimama na kifuniko kufunguliwa: tyubu inaonekana tupu. Pengine kuna kivuli cha rangi ya maziwa, mara nyingi hakuna hata hicho. Mashapo yapo, yameganda pale chini ya alama, na jicho haliyaoni. Fundi humwaga maji akiigeuza tyubu kwa namna ambayo alama inabaki juu, hufyonza unyevu uliobaki mdomoni, halafu huelekeza maji safi ya chumvi yenye fosfati mahali alipoweka alama, na kwa pipeti huyapandisha na kuyashusha, tena na tena, bila kutoa povu, akikiosha kitu asichokiona. Mililita mia kadhaa za asubuhi sasa ni kiasi kidogo kisichojaza kijiko cha chai. Na bado haijaisha: tyubu hujazwa tena maji ya chumvi na kuzungushwa saa nyingine, kwa nguvu ileile, ili protini zilizoshuka kwa bahati mbaya zioshwe. Mwishoni hubaki mikrolita 100 hivi.

Si kila mtu anaipenda njia hii. Nguvu kubwa hivyo hubandika vifuko pamoja, na protini nyingine hushuka navyo hata vikioshwa. Wengine hutumia safu iliyojazwa punje zenye vitundu, nayo ina tabia inayomshangaza kila mwanafunzi: vikubwa hutangulia kutoka. Protini ndogo huingia kwenye kila kitundu na kucheleweshwa humo, ilhali eksosomu, isiyotosha kwenye vitundu, hupita kando yake moja kwa moja. Fundi hukaa mbele ya safu na tyubu zilizopangwa, akihesabu matone, akibadilisha tyubu kila nusu mililita. Binafsi naiona hii ndiyo sehemu tulivu kuliko zote.

Baada ya kuvuna, kuthibitisha. Ni sehemu ndefu, na ndiyo inayotofautisha kazi hii na biashara iliyozuka kwa jina lake. Jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa vifuko hivi imetoa miongozo mwaka 2014, 2018 na 2023, na moyo wake ni kwamba kipimo kimoja hakitoshi. Kwanza ni kuhesabu. Tone lililozimuliwa huingizwa kwenye chumba cha kioo, mwanga wa leza hupita, na kwenye skrini huonekana nukta nyeupe zinazochezacheza. Kamera hufuatilia mchezo wa kila nukta: ndogo hurukaruka zaidi, kubwa huenda polepole, na kutokana na mwendo huo programu hukokotoa ukubwa. Kipimo hiki ni kizuri na ni kipofu, maana nukta ya mafuta ya damu au fundo la protini nalo hucheza vilevile.

Pili ni kuona. Wavu wa shaba wenye upana wa milimita 3, umefunikwa utando mwembamba, hushikwa ukingoni kwa kibano na kulazwa juu ya tone la eksosomu. Husubiriwa dakika 20. Kisha huhamishwa kutoka tone hadi tone, la dawa ya kukazia vifuko, matone kadhaa ya maji, kisha la chumvi ya urani itakayotia weusi mandharinyuma, huku upande wenye sampuli ukibaki na unyevu na upande wa pili ukibaki mkavu. Ukilowa pande zote mbili, unaanza upya. Chini ya hadubini ya elektroni vifuko huonekana kama vikombe vilivyobonyea, na kwa miaka mingi watu walidhani hilo ndilo umbo lake. Baadaye sampuli zilipogandishwa ghafla badala ya kukaushwa, ikadhihirika kwamba ni duara, na kikombe ni alama ya kukauka tu.

Tatu ni utambulisho wa protini. CD9, CD63, CD81 na TSG101 zinapaswa kuwepo. Kalneksini, protini ya ndani ya seli, inapaswa kukosekana. Napenda namna kukosekana kunavyopewa uzito sawa na kuwepo: mstari mtupu kwenye picha ya maabara, ulioandaliwa kwa saa nyingi ili uwe mtupu.

Sasa shehena. MaikroRNA ni kipande kifupi cha RNA, nukleotidi 22 hivi, kisichoandikiwa protini yoyote. Kazi yake ni kuishika RNA-mjumbe ya jeni fulani na kuizuia isitumike. Victor Ambros aliitambua ya kwanza mwaka 1993 akiwa na Rosalind Lee na Rhonda Feinbaum, katika mnyoo wa milimita moja aitwaye Caenorhabditis elegans, naye Gary Ruvkun akaonyesha inavyoifunga jeni nyingine. Wawili hao, Ambros na Ruvkun, walipewa tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2024.

Kuitoa maikroRNA kwenye mikrolita hizo 100 kunahitaji mikono inayojua kwamba yenyewe ndiyo hatari. Ngozi ya binadamu ina vimeng'enya vinavyovunja RNA, kwa hiyo glavu hubadilishwa, meza hupanguswa, ncha za pipeti hufunguliwa kwenye kasha jipya. Lakini kwanza kuna swali: je, maikroRNA hiyo iko ndani ya kifuko kweli? Mwaka 2011 kundi la Muneesh Tewari huko Seattle lilionyesha kwamba katika damu, sehemu kubwa ya maikroRNA huelea nje ya vifuko, imekumbatiwa na protini ya Ago2. Kwa hiyo fundi huweka kimeng'enya cha kula protini, kisha cha kula RNA, akiacha vile vilivyo nje viliwe. Vilivyomo ndani ya utando husalia. Hapo ndipo huvizima vimeng'enya, huvunja utando kwa fenoli, huongeza klorofomu, huzungusha, na tyubu hugawanyika matabaka matatu. RNA iko kwenye maji ya juu. Huchotwa bila kugusa tabaka jeupe la katikati, na huachwa kiasi makusudi.

Hata kabla ya klorofomu, mara fenoli inapovunja utando, huwa ameongeza kitu kigeni kwa kipimo kinachojulikana: maikroRNA namba 39 ya yule mnyoo, iliyotengenezwa maabara. Binadamu hana hiyo. Mwishoni akikuta nusu tu ya alichoweka, anajua nusu ya kila kitu imepotea njiani na hurekebisha hesabu. Ndipo huja PCR, mbinu ya kurudufisha vipande vya kijenetiki ili vihesabike, nayo ina kikwazo chake, maana kianzio cha kawaida cha PCR kina urefu wa nukleotidi 20 hivi, karibu sawa na kitu kinachopimwa, kwa hiyo hakuna pa kushika. Suluhisho ni kianzio kilichojikunja kitanzi, ambacho hudaka ncha ya maikroRNA na kuirefusha mpaka ipimike.

Kundi lile la Seattle lilifanya hesabu nyingine mwaka 2014 ambayo ilitakiwa kuwapunguza kasi wengi. Liligawa idadi ya maikroRNA kwa idadi ya eksosomu. Hata kwa aina zilizo nyingi, wastani ulikuwa chini ya nakala moja kwa kifuko. Kwa jumla ungehitaji vifuko zaidi ya 100 kupata nakala moja ya aina unayoitafuta. Hii haimaanishi kwamba vifuko havifanyi kitu. Inamaanisha kwamba anayedai maikroRNA fulani ndiyo iliyoponya, ana deni la kuonyesha jinsi.

Deni hilo hulipwa kwa kuondoa na kurudisha. Mwaka 2013 kundi la Michael Chopp, hospitali ya Henry Ford huko Detroit, lilichukua seli shina za mesenkima na kuzibadili ziwe na maikroRNA iitwayo miR-133b kwa wingi, nyingine likazipunguzia. Kisha panya waliozibwa mshipa wa ubongo, yaani waliopewa kiharusi, wakadungwa. Waliopata seli zenye miR-133b nyingi walirudisha mwendo vizuri zaidi na nyuzi za neva zao zilichipua zaidi; waliopata seli zilizopungukiwa walinufaika kidogo. Mtindo huu wa kupandisha na kushusha kitu kimoja huku mengine yote yakibaki palepale ni wa kizamani, na sijaona unaoupita. Njia hiyohiyo ya kusafirisha shehena kwa vifuko hutumiwa na saratani pia: kundi la David Lyden huko New York lilionyesha mwaka 2012 kwamba eksosomu za melanoma huzifunza seli za uboho kuandaa mazingira ya uvimbe kusambaa.

Nje ya maabara, haraka imeshafika. Kuna kliniki zinazouza "eksosomu za seli shina" kwa magoti, nywele na makunyanzi, na mwezi Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ililazimika kuonya umma baada ya wagonjwa huko Nebraska kupata madhara makubwa, ikikumbusha kwamba haijaidhinisha bidhaa yoyote ya aina hiyo.

Linganisha na walichofanya wataalamu wa Essen, Ujerumani, katika taarifa ya mwaka 2014. Walikuwa na mgonjwa aliyepandikizwa seli za damu, na seli hizo zikaanza kuushambulia mwili wake. Steroidi hazikufua dafu. Hawakumpa eksosomu za kwanza zilizopatikana. Waliandaa za watoaji wanne wa uboho, kila mmoja peke yake, na wakapima kila fungu jinsi linavyotuliza au kuchochea kinga. Mafungu manne, yaliyotengenezwa kwa njia moja na watu walewale, hayakulingana. Walichagua moja, lile lililotuliza zaidi. Dozi ya kwanza ilikuwa ndogo, zilizofuata zikapanda hatua kwa hatua, na dalili zikapungua kiasi cha steroidi kupunguzwa. Alikuwa mgonjwa mmoja tu, na mgonjwa mmoja hathibitishi tiba. Hata hivyo huwa nawaza zaidi kuhusu yale mafungu matatu ambayo hayakuchaguliwa: nayo yalilelewa kwenye chupa, yakavunwa, yakaoshwa na kupimwa kwa uangalifu uleule.